Hivi chama cha taifa cha kikapu kina kazi gani hasa? Sudan Kusini hawana hata ukumbi, wametuacha mbali

#1 Rimu ya Kutu
Wakuu, salaam.

Swali hili ninalo tangu Julai 2024. Usiku ule Sudan Kusini walipocheza na Marekani pale London, mechi ya kujipima kabla ya Olimpiki, tulikuwa wanne tumekodolea simu moja mpaka shingo zikauma. Nchi iliyopata uhuru 2011, ikaingia FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, 2013, haina ukumbi wa ndani wa kikapu hata mmoja, ikafungwa kwa pointi moja tu: 101 kwa 100. LeBron James ndiye aliyewaokoa wenzake sekunde za mwisho. Siku nane baadaye wakawafunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki yenyewe, pale Ufaransa.

Sisi huku Tanzania tuna chama cha taifa, tuna vyama vya mikoa, tuna katiba, wajumbe, uchaguzi na mihuri. AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, tunaiangalia kwenye simu.

Dai langu ni hili: chama cha taifa hakijengi timu. Timu inajengwa na mtu mmoja mwenye uchungu na pesa. Vingine vyote ni karatasi. Anayebisha aje na hoja.

#2 Goli Mbili
Nchi hii ukitaja kikapu mtu anafikiri unakwenda sokoni. Mimi ni wa mpira wa miguu ila naweka kiti hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Takwimu Tu
Mleta mada, mfano wako unakupinga. Huyo "mtu mmoja mwenye uchungu na pesa" ni Luol Deng, na tangu 2019 ndiye rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Hakukaa nje akirusha mawe. Alikiingia chama, akakishika, akakifanyia kazi. Aliwahi hata kukaa mwenyewe kwenye benchi kama kocha kabla ya timu kumpata kocha Royal Ivey.

Kwa hiyo uliyoyaona London ni kazi ya chama cha taifa. Sema chama chenye kiongozi wa namna fulani.

#4 Rimu ya Kutu
Takwimu, nakupa nusu. Ila ondoa jina la Deng. Weka pale katibu wa kawaida, mstaafu wa ofisi fulani, asiye na namba ya simu ya mchezaji yeyote wa NBA. Angempata nani? Angekwenda na nauli ya nani? Pesa zilitoka mfukoni mwake, na simu zilizopigwa Marekani na Australia kuwaita wachezaji zilipokelewa kwa sababu aliyepiga ni Deng, aliyecheza All-Star, mechi ya nyota wa NBA, mara mbili akiwa Chicago Bulls. Hicho si chama, hiyo ni heshima ya mtu.

#5 Kamisaa Mstaafu
Vijana, nimekaa meza ya makamisaa miaka mingi, nabonyeza saa na kujaza karatasi ya mchezo, niruhusuni niongee taratibu.

Kwanza mnaiona FIBA kama mzazi na vyama vya taifa kama watoto wake. Ni kinyume. Juni 1932, mjini Geneva, vyama vinane vya mataifa ndivyo vilivyoizaa FIBA: Argentina, Ugiriki, Italia, Latvia, Ureno, Romania, Uswisi na Chekoslovakia ya wakati ule. Marekani, mchezo ulikozaliwa 1891, hawakuwemo. Leo vyama vimefika 212.

Pili, FIBA haiongei na klabu yako, wala na wewe, wala na waziri. Kila nchi ina mlango mmoja tu, na mlango huo ni chama cha taifa. Ukifungwa, hata mkiwa na akina Jordan kumi mtabaki kucheza wenyewe kwa wenyewe.

Tatu, kazi ambazo hakuna anayezipigia makofi. Mwamuzi hapati leseni ya kimataifa bila chama chake kumpendekeza. Mchezaji havuki mpaka kwenda klabu ya nchi nyingine bila barua ya kuruhusiwa. Timu ya taifa haiingii kwenye mchujo kama jina halikupelekwa kabla ya tarehe ya mwisho, na hapo hakuna cha kubembelezana.

Na nne, hii mtanicheka: mistari ya uwanja. Mwaka 2010 FIBA ilisogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi 6.75, na lile eneo la chini ya goli lililokuwa limepanuka kama sketi likawa mstatili. Zungukeni shule zetu mhesabu sketi ngapi bado zipo. Nani alitakiwa kwenda kule na chaki? Chama. Kupitia mkoa, kupitia wilaya, mpaka kwa mwalimu wa michezo. Hiyo ndiyo kazi, na haina kamera.

#6 Binti Nyegezi
Kamisaa, shikamoo. Umenitonesha.

Mimi ni mwalimu, michezo niliongezewa kwa sababu niliwahi kucheza. Uwanja wetu ni wa saruji, una sketi hiyohiyo, na mstari wa zamani. Nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, anatupia kutoka kona kama anaweka yai kwenye kiota. Mwaka juzi tukaenda mashindano, uwanja una mistari mipya. Mipira yake yote ikawa inagonga rimu kwa mbele. Yote. Akaanza kujilaumu, mwishowe akakataa kutupia kabisa, akawa anapokea na kutoa pasi tu. Mimi mwenyewe sikujua tatizo ni nini mpaka mwamuzi mmoja aliponiambia, "Mwalimu, nyinyi mnafanyia mazoezi mstari uliokufa."

Nililia usiku ule. Nusu mita. Kopo moja la rangi.

#7 Goli Mbili
Mwalimu, pole, lakini nusu mita kweli inamwangusha mtu?

#8 Binti Nyegezi
Kaka yangu, wewe penati yako isogezwe nusu mita nyuma, haikusumbui. Mtoto wa miaka 15 anayetupia mpira kwa nguvu za mapaja na kifundo, mwili wake umeshakariri umbali. Ukimwongezea sentimita 50 umemwambia asahau alichojifunza miaka miwili. Jaribu uone.

#9 Pasi Refu
Naomba nichomekee langu hapo kwenye barua ya Kamisaa. Mdogo wangu anacheza namba mbili, ligi ya mkoa. Klabu moja ya nchi jirani ilimwona, ikamwita, wakakubaliana posho na chumba. Akaambiwa alete "barua ya kuruhusiwa". Tumezunguka ofisi moja hadi nyingine, kila tunayemkuta anasema mwenye muhuri kasafiri. Wiki ya sita hii. Dirisha la usajili kule linafungwa mwezi ujao. Mama ameshauza mahindi ya nauli.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi: karatasi. Ila karatasi hiyohiyo imemshika mdogo wangu shingo.

#10 Jirani wa Namanga
Habari zenu kutoka Kenya. Nimesoma uzi wote na kuna jambo linaniuma ambalo hamjalitaja.

Januari 2020, mchujo wa kanda yetu wa kuelekea AfroBasket ulifanyika hapa Nairobi. Kenya tulipita, Sudan Kusini walibaki. Tuliwaona kwa macho yetu wakibaki! Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae akatupia ule mpira wa mwisho, Angola wakalala 74 kwa 73. Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo! Tukaingia AfroBasket kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28, na kocha wetu Liz Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume kwenye mashindano hayo.

Sasa niambieni. Tuliowaacha nyuma Nairobi walikwenda Kombe la Dunia 2023, wakawacharaza Angola 101 kwa 78, wakapata tiketi ya Olimpiki. Sisi tuko wapi? Vijana wetu hawakupungua vipaji ndani ya miaka mitatu. Kilichopungua ni mwendelezo: kocha anakuja, anaondoka, kambi inaitishwa wiki mbili kabla. Hiyo ni kazi ya nani kama si ya shirikisho?

#11 Takwimu Tu
Jirani, umesema kweli, naongeza kipande kimoja. Sudan Kusini baada ya kubaki Nairobi walirudishwa kwenye mchujo kuchukua nafasi ya Algeria, waliojitoa wakati wa korona. Kwa hiyo bahati ilikuwepo. Wangetaka kukaa nyumbani wangeweza.

Ila angalia hapa: simu ya "njooni mzibe pengo" ikipigwa, muda ni mfupi, viwanja vya ndege nusu vimefungwa, vipimo vya korona kila kona. Lazima kuwe na mtu wa kuipokea, mwenye orodha ya wachezaji, pasipoti zao, na tiketi. Bahati iliwakuta wamevaa viatu. Ni vyama vingapi vya kanda hii vingeipokea simu ile?

#12 Rimu ya Kutu
"Bahati iliwakuta wamevaa viatu." Hiyo nimeipenda, naichukua.

#13 Mchana Kweupe
Wote mnakwepa jambo lililo wazi. Sudan Kusini wana watoto wa wakimbizi waliokulia Marekani, Australia, Kanada, Uganda, Misri. Wamefundishwa kwenye shule na vyuo vya wenzetu, kwa gharama za wenzetu. Chama kilikwenda kuvuna shamba ambalo hakikulima. Deng mwenyewe ni zao la London, aliichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya 2012. Tanzania hatukuwa na vita iliyotutawanya, ndiyo maana hatuna hazina hiyo. Hakuna uchawi wa uongozi hapo, ni historia chungu iliyogeuka faida.

Na yule Carlik Jones aliyewasumbua Marekani pale London ni mzaliwa wa Cincinnati. FIBA inaruhusu mchezaji mmoja wa kupewa uraia kwa kila timu, wakamweka yeye.

#14 Lugogo Kila Jumapili
Mchana Kweupe, shamba lililolimwa na wengine ni kweli, lakini na sisi tulishika jembe. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, amekulia Kawempe hapa Kampala, na kikapu alikianzia huku. Alicheza ligi ya klabu za Afrika, BAL, ya 2024 akiwa na City Oilers ya kwetu. Mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi NBA. Nani alimwona? Si rais wa shirikisho lolote. Ni watu wa mtaani walioona kijana mrefu anapita barabarani.

#15 Mchana Kweupe
Ndiyo ninachosema. Vipaji vinaonwa na mtaa. Chama kinakuja baadaye na bendera.

#16 Kocha wa Uchochoroni
Nami nafundisha watoto Temeke, jioni, uwanja wenye goli moja. Hapo kwa Mchana Kweupe nakubali kwa uchungu. Hasheem Thabeet wetu: Makongo, halafu akavuka kwenda Laiser Hill kule Rongai, Kenya, halafu Texas, halafu chuo kikuu cha Connecticut, na 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kati ya wote. Wa pili! Mtanzania wa kwanza NBA. Kila kituo cha safari ile kilikuwa shule. Shule, shule, shule, chuo. Tunagombana kuhusu chama cha taifa wakati kikapu cha Afrika Mashariki kinalelewa na walimu kama Binti Nyegezi. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikisimama mwaka mmoja, ligi za mikoa zinaona pengo miaka mitatu baadaye. Ukinipa mimi pesa ya semina moja ya viongozi, nanunua mipira namba 6 ya mabinti na namba 7 ya wavulana ya kutosha wilaya.

#17 Jirani wa Namanga
Kocha, asante kwa kukiri kuwa Hasheem tulimpika sisi Rongai 😄

#18 Kocha wa Uchochoroni
Mlimpasha moto tu. Unga ulitoka Makongo.

#19 Goli Mbili
Hapa sasa nimeelewa kikapu. Endeleeni.

#20 Ziwa Kaskazini
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bujumbura. Mnasema chama ni mlango. Sawa. Sisi tulijua 2024 kwamba mlango una mwenye nyumba.

Klabu yetu ya Dynamo ilifuzu BAL, ikaenda Pretoria mwezi Machi. Mechi ya kwanza walifunika maandishi ya mdhamini, "Visit Rwanda", kwenye jezi, wakawafunga Cape Town Tigers 86 kwa 73. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mechi iliyofuata, dhidi ya FUS Rabat, waliambiwa jezi ivaliwe kama ilivyo. Hawakuvaa, hawakucheza. Iliyofuata hivyohivyo. Wakaondolewa kwenye mashindano.

Siingii kwenye siasa za mipaka, nina ndugu pande zote. Nasema tu kwamba kati ya mkataba wa mdhamini, sheria za mashindano na msimamo wa nchi, kulikuwa na vijana 12 wenye viatu miguuni. Mahali pa kulimaliza jambo lile palikuwa mezani, wiki nyingi kabla ya ndege kuondoka. Logo za wadhamini hazikuwa siri. Chama cha taifa chenye nguvu huuliza mapema, huandika mapema, hujua mapema. Baada ya hapo kinachobaki ni vijana kurudi nyumbani.

#21 Binti Nyegezi
Pole sana ndugu yetu. Ushindi wa kwanza halafu kimya. Hiyo inauma kuliko kufungwa.

#22 Rimu ya Kutu
Ziwa Kaskazini, hili linanirudisha kwenye dai langu kwa njia nyingine. Kama serikali ikisema jambo, chama hakina kauli. Basi si bora serikali ichukue michezo moja kwa moja, tujue tunamdai nani? Rwanda ukumbi wa Kigali, huo wa watazamaji 10,000 uliofunguliwa 2019, haukujengwa kwa ada za wanachama wa shirikisho. Serikali iliamua. Wakapata AfroBasket 2021, BAL tangu msimu wa kwanza 2021, AfroBasket ya wanawake 2023. Hata Sudan Kusini huenda Kigali kupiga kambi.

#23 Takwimu Tu
Usifike huko, mkuu. Angalia Nigeria. Mei 2022 serikali yao, ikichoshwa na mgogoro wa nani kiongozi halali wa shirikisho, ilitangaza kuiondoa nchi kwenye kikapu cha kimataifa kwa miaka miwili. Iwasafishe kwanza. Wasichana wao, D'Tigress, walikuwa wameshafuzu Kombe la Dunia la Sydney. Juni serikali ikabadili uamuzi, lakini FIBA ilikuwa imeshawapa Mali nafasi. Wasichana hawakwenda.

Na hao si timu ya kubahatisha: mabingwa wa Afrika 2017, 2019, 2021, 2023, na tena 2025. Paris 2024 walifika robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au wanawake, kufanya hivyo kwenye kikapu cha Olimpiki. Kizazi hicho kilinyang'anywa Kombe la Dunia kwa sababu wakubwa wawili waligombea kiti.

#24 Mchana Kweupe
Takwimu, mfano wako unakata pande zote. Kwanza ugomvi ulikuwa ndani ya shirikisho. Serikali iliingia kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua. Na timu ileile, pamoja na shirikisho lenye ugomvi, ilifika robo fainali. Kwa hiyo shirikisho bovu halikuizuia timu nzuri! Wachezaji walishinda licha ya uongozi.

#25 Takwimu Tu
Walishinda pale mlango ulipokuwa wazi. Ulipofungwa, hawakushinda lolote kwa sababu hawakucheza. Ndiyo hoja.

#26 Kamisaa Mstaafu
Mnabishana kama waamuzi wawili waliopuliza filimbi kwa pamoja. Nawapa mfano wa tatu.

Japani, Novemba 2014, FIBA iliwafungia. Kosa lao: walikuwa na ligi mbili kubwa za wanaume zisizosalimiana, na chama cha taifa kilishindwa kuziunganisha. Miaka inapita, vikao vinafanyika, hakuna linaloamuliwa. FIBA ikafunga mlango, ikaunda kikosi kazi, na aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Saburo Kawabuchi, mtu wa mpira wa miguu. Goli Mbili, hapo mna haki ya kutamba. Mwaka 2015 kifungo kikaondolewa, 2016 ligi moja mpya ikaanza. Wasichana wao walichukua fedha kwenye Olimpiki ya Tokyo, wanaume wakaja kufuzu Paris wenyewe.

Vipaji ni vilevile, viwanja ni vilevile, pesa zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni chama.

#27 Rimu ya Kutu
Na kilibadilika kwa kulazimishwa kutoka nje. Kamisaa, huoni hilo? Chama chenyewe hakikujibadilisha. Sisi nani atatufungia ili tuamke? Nchi inayofungwa kila mchujo hakuna anayejali kuifungia.

#28 Kijichi Unguja
Assalaam alaykum. Nawasoma tangu asubuhi, "Tanzania, Tanzania", na sisi wa visiwani mmetusahau. Michezo si jambo la Muungano. Tuna baraza letu la michezo, tuna chama chetu cha kikapu, tuna ligi yetu. Lakini mbele ya FIBA mlango ni ule mmoja alioutaja Kamisaa, nao uko upande wa pili wa maji.

Mtoto wa Kiunguja akiwa mzuri, lazima aonekane Dar. Nauli ya boti, pa kulala, chakula. Wangapi wanaishia bandarini? Halafu mleta mada anatutajia Puerto Rico. Puerto Rico si dola huru, ni sehemu ya Marekani, ila ina mlango wake FIBA na inacheza Olimpiki kwa jina lake. Kwa nini wao iwezekane? Kwenye mpira wa miguu CAF walitupokea Machi 2017, Julai mwaka huohuo wakatutoa. Miezi minne ya furaha.

#29 Takwimu Tu
Kijichi, wa alaykum salaam. Hoja yako ina uzito, ila upepo wa FIBA unavuma upande mwingine. England, Scotland na Wales kila mmoja alikuwa na mlango wake, 2016 wakaungana kuwa Uingereza moja mbele ya FIBA.

#30 Kijichi Unguja
Waliungana kwa kukubaliana, wakajua kila mmoja anapata nini. Niambie, nafasi za wachezaji wa visiwani kwenye kambi ya taifa zimeandikwa wapi? Hilo tu likiandikwa, mimi sina tena haja ya mlango.

#31 Kocha wa Uchochoroni
Kijichi una haki. Na si visiwani tu. Muulize mtu wa Kigoma au Mtwara lini mara ya mwisho mtafuta vipaji alifika. Kikapu chetu kimekaa Dar kama maji yaliyotuama. Hata furaha ya Dar City kufuzu BAL ya 2026, nimeifurahia kwa moyo wote, timu ya kwanza ya Tanzania kufika huko, lakini hiyo ni klabu yenye mwekezaji. Je, mkoani kuna nini?

#32 Rimu ya Kutu
Kocha umenisaidia! Dar City ni klabu, si chama. Narudi pale pale: mtu mwenye pesa na nia.

#33 Kamisaa Mstaafu
Na huyo mwenye pesa na nia aliingia kwenye mchujo kwa jina la nani? Alipelekwa na chama. Wachezaji wa kigeni aliwaandikisha kwa barua zilizoombwa na nani? Tunazunguka palepale, mwanangu.

Pasi Refu, nimekuwa nikifikiria jambo la mdogo wako. Inaelekea mnabisha hodi nyumba isiyo yake. Mchezaji haombi barua mwenyewe. Klabu mpya inakiambia chama cha nchi yake, chama hicho ndicho kinaiomba barua kwa chama cha kwetu, kupitia mfumo wa FIBA wa mtandaoni. Kikishaombwa rasmi, chama cha kwetu hakina ruhusa ya kukaa kimya: kina siku za kujibu, na kikinyamaza FIBA inaweza kuitoa barua yenyewe. Sababu ya kukataa ni moja tu, kwamba mchezaji bado ana mkataba unaoendelea na klabu yake. Hadithi za "mwenye muhuri kasafiri" hazimo. Ila kama mdogo wako hajafika miaka 18, taratibu ni nyingine na ni ngumu zaidi.

#34 Pasi Refu
Shikamoo mzee. Ana miaka 20, na hana mkataba, analipwa nauli tu. Ina maana wiki sita zote hizi hakuna aliyeanza? Nampigia meneja wa klabu ile sasa hivi.

#35 Binti Nyegezi
Mnaona sasa. Mtu anauza mahindi kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: ukitaka kuhama, anza hapa. Mimi sidai chama kitupeleke Olimpiki. Nadai ukurasa mmoja.

#36 Mchana Kweupe
Hilo nakubali bila kubisha, na mimi ni mbishi.

#37 Jirani wa Namanga
Kwetu pia ukurasa huo sijauona. Ukipatikana utumeni huku, lugha ni moja.

#38 Goli Mbili
Nimejaribu lile la nusu mita jioni hii, uwanja wa shule jirani. Mwalimu, nakuomba radhi. Mipira kumi, nimefunga mmoja, na huo ulipita kwa kugonga ubao. Mkono unauma.

#39 Pasi Refu
Mrejesho: meneja kapokea. Kasema wao walikuwa wanasubiri sisi, sisi tulikuwa tunasubiri wao. Kaahidi Jumatatu asubuhi anakwenda kwenye shirikisho lao kuanzisha ombi. Mama nimemwambia asinunue tiketi bado. Kamisaa, Mungu akuweke.

#40 Rimu ya Kutu
Hongera Pasi Refu, tuletee habari Jumatatu. Dai langu sijalifuta, ila nalipunguza: chama hakijengi timu, lakini kinaweza kuizuia isijengwe. Takwimu najua unakuja.

#41 Takwimu Tu
Nakuja kesho. Hapo "kuzuia" na "kujenga" hujavitenganisha vizuri.

#42 Binti Nyegezi
Kabla hamjaanza tena, Kamisaa naomba vipimo. Mkuu wa shule ametoa pesa ya makopo mawili ya rangi nyeupe. Kesho Jumamosi nina wanafunzi 14 na ufagio.

#43 Kamisaa Mstaafu
Mwalimu, andika. Simama katikati ya mstari wa mwisho, ingia uwanjani mita 1.575. Hapo ndipo kitovu cha rimu kinapoangukia. Pigilia msumari, funga kamba, pima mita 6.75, zungusha na chaki. Hapo ndipo ukingo wa nje wa mstari. Pembeni usizungushe mpaka mwisho, weka mistari iliyonyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni. Eneo la chini ya goli ni mstatili, upana mita 4.90, urefu 5.80. Sketi ifuteni kwanza kwa rangi ya kijivu ya saruji, la sivyo watoto watachanganyikiwa na mistari miwili.

#44 Binti Nyegezi
Msumari kwenye saruji haushiki, nitamweka mwanafunzi mmoja akanyage kamba. Yule binti wa kona amemaliza shule lakini yuko nyumbani, nimemwita aje kushika chaki.